Kwekwe zimerudi: tazama zimeotea wapi kabla ya kushika jembe

Watu wa huku Mwakirunge, Mombasa, wakinisimamisha njiani kwa habari ya magugu, swali huwa moja: "Dawa gani yaua hii?" Nami huwajibu kwa swali: "Imeotea wapi?" Wengi huudhika. Mtu ana kichaka cha miiba nyuma ya nyumba, ataka jina la chupa, nawe wamuuliza mambo ya wapi.

Lakini pale gugu lilipoota ndipo palipoandikwa lilivyokuja. Mbegu haitembei, hubebwa. Hubebwa na kinyesi, na ndege, na tope la gurudumu, na maji ya mvua, na jembe lako mwenyewe. Kila mbebaji ana namna yake ya kuiangusha: huyu kwa mstari, yule kwa duara, mwingine ukingoni tu. Ukiyaua magugu yaliyopo bila kumjua aliyeyaleta, mwakani atakuletea mengine.

Kwa hiyo jembe lingoje. Siku kumi hivi baada ya mvua ya kwanza ya masika, miche ikiwa na majani mawili matatu, lizunguke shamba asubuhi ukiwa na fungu la njiti za makuti. Chomeka njiti kila penye mche usioutaka. Ukimaliza, panda juu ya kichuguu au ukuta, utazame njiti zimejipanga vipi. Huo mpangilio ndio utakaokuonyesha uanzie wapi hapa chini.

"Yameota kwa mistari, pale pale nilipotia samadi"

Mbebaji huyu nimemjua kwa hasara. Mwaka mmoja nilinunua lori la samadi ya ng'ombe kwa mchuuzi aliyekuwa akiitoa ranchi za bara, huko mbele ya Mariakani. Ilikuwa kavu, nyeusi, haina harufu, nikajiona nimeokota dodo. Nikaitia kwenye mitaro ya sukuma wiki na mchicha. Wiki ya sita, katikati ya mboga palikuwa na vimche vyenye majani madogomadogo yaliyopangana kama unyoya, na kila kimoja kimeing'ang'ania ardhi. Mzee jirani yangu akakishika kimoja, akakitazama, akacheka. "Hii mathenge, mwanangu. Umejinunulia msitu."

Mathenge, mti huu wa miiba, na Mombasa wanajuana zamani. Wakenya wengi wakilisikia jina hilo huwaza Baringo, na ile kesi ambayo jamii ya Wailchamus ilimfikisha mahakamani mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake. Lakini mbegu za kwanza ambazo kuingia kwake Kenya kumeandikwa zililetwa hapa kwetu, mwaka 1973, kutoka Brazil na Hawaii, kuotesha miti kwenye machimbo ya mawe karibu na mji, ardhi ambayo haikutaka kuotesha kitu. Baringo ilipandiwa baadaye, miaka ya 1980, watu wapate kuni na malisho. Mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu hatari. Mti wenyewe haukubadilika katikati ya miaka hiyo. Uliyopendewa mwanzoni, kustahimili ukame na chumvi, ndiyo uliyochukiwa mwishoni.

Siri yake iko kwenye ganda. Ni tamu, mnyama hulitafuna kwa raha, lakini mbegu iliyo ndani imevaa gamba gumu: hupita tumboni ikatoka nzima, imelainika kidogo tu, tayari kuota, tena imeshawekewa mbolea yake. Ng'ombe hutoa mbegu nzima nyingi kuliko mbuzi. Ndiyo maana samadi ya ng'ombe wa ranchi naiogopa zaidi kuliko kinyesi cha mbuzi wa mtaani.

Kimche kilicho chini ya shubiri moja king'oe kwa mkono siku hiyo hiyo, ardhi ingali na unyevu, kwa maana mzizi wake unashuka upesi kuliko shina linavyopanda. Kikifika magotini, hicho haking'oleki tena. Chimba, ukate mzizi shubiri moja ndani ya ardhi, kwa sababu macho ya kuchipua yako pale shina linapokutana na mzizi. Ukiukatia juu ya ardhi, umeupogoa. Utarudi na mashina matano badala ya moja. Na uvae viatu vya maana, mwiba wa mathenge unapenya ndala kama siagi.

Sasa mlango wenyewe. Siku hizi sinunui samadi kabla ya kuipitisha kwenye beseni. Nachota konzi kutoka pande nne za rundo, naichanganya na mchanga niliokwisha kuukaanga kwenye sufuria kuukuu, namwagilia kila siku kwa wiki tatu, naweka kibarazani nione kinachochomoza. Beseni halionyeshi kila kitu, kwani mbegu za gamba gumu nyingine hulala tu. Lakini zikichomoza hata mbili, jua lori zima lina mamia.

Samadi uliyokwisha kuinunua unaweza kuiivisha. Lundika kimo cha kifua, na upana uwe huohuo, maana rundo dogo halipati moto. Unyevu wake uwe kama wa nguo iliyokamuliwa vizuri. Ndani joto litapanda hadi kati ya nyuzi 55 na 65 za selsiasi. Kama huna kipimajoto, chomeka nondo katikati, iache robo saa, uichomoe: ikiwa huwezi kuishika kwa raha, mambo yanakwenda. Geuza kila wiki, mara nne, cha nje kiende ndani. Hapo kwenye kugeuza ndipo watu hutegea, na pembeni mwa rundo ni baridi, mbegu za pembeni hazifi. Moto huo huua mbegu nyingi za majani ya kawaida. Za mathenge na za lusina, ule mti wa malisho, siziamini hata baada ya hapo. Samadi iliyotoka nchi ya mathenge naitia kwenye mashimo ya minazi na miembe tu, mahali ambapo mche ukichomoza nitauona na nitaufikia, wala si kwenye tuta la mboga.

Mnyama mpya naye ni lori la samadi lenye miguu. Mbuzi wa kununuliwa mnadani mfungie zizini wiki nzima, mpe majani unayoyajua, na kinyesi cha wiki hiyo kikusanye shimo moja. Kama nyumbani una mathenge inayozaa na mifugo inayapenda maganda, yasage kabla ya kuwapa. Ganda lililosagwa ni chakula kizuri, na mbegu iliyosagwa haioti.

"Yameota kwa duara chini ya miti, kwingine peupe"

Huyu ana mabawa. Ndege hula tunda, hutua tawini, huangusha. Ukiona miche imejaa chini ya mwembe, chini ya nyaya za stima na kando ya ua, na katikati ya shamba hamna kitu, iache samadi yako, haina kosa.

Mara nyingi utakayoikuta ni lantana, kile kichaka cha maua yanayoanza manjano yakaishia mekundu, chenye majani yanayokwaruza na kunuka ukiyafikicha. Kililetwa kwa urembo wa ua. Matunda yake yakiiva huwa meusi, na shore huyapenda kupita kiasi. Usianze kuhangaika na miche: mtafute mama mwenye matunda, ambaye pengine yuko kwa jirani wa tatu, na ukubaliane na mwenyewe akatwe kabla matunda hayajaiva. Kisha ng'oa miche kwa mizizi udongo ukiwa na maji. Moto peke yake usiutumie, kisiki cha lantana huchipua baada ya moto kama kilichopewa chai. Na kama una ng'ombe, fanya haraka. Kiangazi kikikaza, ng'ombe mwenye njaa huila. Ini lake huharibika, na jua humbabua ngozi sehemu zenye manyoya meupe.

Wa pili nikimtaja hugombana na watu: mwarobaini. Asili yake bara Hindi, sisi tumeufanya wetu hata tukaupa jina la maradhi arobaini, na sijamwona mzee wa Pwani aliyeukata kwa hiari. Wala sisemi ukate ulioko uani. Nasema tu kwamba mti huu umetoka uani zamani, umeingia vichakani na kwenye misitu ya Pwani, zikiwemo kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na unaisonga miti ya asili. Popo na ndege huyala matunda yake ya manjano na kwenda kuzitema mbegu kwingine. Hesabu vimche vilivyo chini ya mti wowote wanapolala kunguru, utanielewa.

Ila mwarobaini una udhaifu mmoja ambao magugu mengi hayana: mbegu yake haiwezi kungoja. Ikianguka na isiote, baada ya wiki chache au miezi michache imekufa. Maana yake ardhini hakuna akiba. Ng'oa miche misimu miwili mfululizo, fagia matunda chini ya mti ulioubakisha, na umemaliza. Matunda yenyewe usiyatupe; kokwa zake zikitwangwa na kulowekwa usiku kucha ni dawa nzuri ya kupulizia wadudu wa mboga. Mti mkubwa ukilazimika kuukata, jiandae kukata machipukizi ya kisiki na ya mizizi mwaka mzima.

"Yako ukingoni mwa njia tu, na pale lori lilipogeuzia"

Mbegu zinazoshika na mbegu zinazopanda gari. Kishona nguo unakijua bila mimi kukueleza, umewahi kukaa barazani ukikichopoa kwenye pindo la leso au suruali. Kosa la watu ni moja: wakishazichopoa mbegu wanazitupa pale pale barazani. Zitie kwenye moto wa jikoni.

Mbigili ni kazi nyingine. Hutambaa, huwa na vijiua vya manjano, na tunda lake lenye pembe huingia kwenye soli, kwenye tairi la baiskeli, kwenye kwato. Mmea wenyewe ni rahisi, una mzizi mmoja: ukate chini kidogo ya shingo kabla haujazaa. Miba iliyokwisha kuanguka ndiyo shughuli, maana huweza kukaa ardhini miaka kadhaa. Buruta gunia la katani lililolowa juu ya njia, miba itanasa gunia, nawe ulichome gunia lenyewe.

Kuna mmea mmoja ambao ukiuona usiung'oe kwa mikono mitupu: gugu karoti. Majani yake yamechanika kama ya karoti, maua ni vitone vyeupe, urefu wa kiuno au zaidi. Hupenda kando ya barabara na palipomwagwa kifusi. Ngozi ya wengine huwasha na kutoka malengelenge, na chavua yake huamsha pumu. Ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu. Mmea mmoja huweza kutoa mbegu elfu kumi na zaidi, na hutoa maua mwezi mmoja tu baada ya kuota, kwa hiyo ukisema utakuja Jumamosi ijayo, pengine umechelewa. Vaa glavu na mikono mirefu, funika pua, ling'oe kabla ya maua. Likiwa na maua tayari, litie guniani kwanza, pale pale lilipo, ndipo ulitikise utakavyo.

Mlango hapa ni mchanga, kifusi, kokoto, majani makavu ya ng'ombe ya kununua na trekta la kukodi. Yule dereva anayetoka shamba la mtu na kuingia lako na plau yenye tope, mpe ndoo ya maji na ufagio kabla hajavuka. Atanuna. Mimi humwambia tope hilo nalilipia mimi miaka mitano ijayo, yeye analilipia dakika kumi. Mchanga wa ujenzi umwage mahali pamoja, mahali unapopapita kila siku, sio nyuma ya choo.

"Nimelima vizuri, yamerudi mengi kuliko mwanzo"

Ng'oa moja, tazama chini. Jibu liko mizizini, na majibu ni mawili yanayopingana kabisa.

Ukikuta mizizi ya kawaida, tatizo ni akiba ya mbegu. Udongo uliopaliliwa vibaya kwa miaka una mbegu zilizolala katika kila tabaka, na nyingi hungoja mwanga. Jembe linapogeuza ardhi, linaziamsha. Fanya hivi: tayarisha shamba mapema, kabla ya masika, kana kwamba unapanda kesho, halafu usipande. Acha mvua ya kwanza iamshe zote zilizo juu. Baada ya siku kumi hadi kumi na nne yakate majani machanga kwa jembe la kukwangua juujuu tu, kina cha vidole viwili, bila kugeuza udongo, kisha upande. Utapoteza wiki mbili za mvua, na najua wiki mbili za masika ni kitu kikubwa kwa mahindi. Kwa mahindi mtu anaweza kukataa, ila kwa mboga zinazomwagiliwa hana sababu.

Ukikuta vikokwa vyeusi vilivyoungana kama shanga uzini, vinanuka kama dawa ya mitishamba, hiyo ni ndago, na kila nilichosema juu kuhusu mbegu kisahau. Ndago mbegu zake nyingi hazioti hata kidogo. Hueneza vikokwa. Ukipita na jembe ukakata uzi wenye vikokwa sita, umepanda ndago sita, kwa sababu kikokwa kilichotengwa na wenzake ndicho huamka. Nimeona watu wakilipa vibarua kupalilia ndago mara tatu kwa msimu, na kila mara wanalipa kuiongeza.

Ndago ina maadui wawili, jua kavu na kivuli, nasi Mombasa vyote tunavyo. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, mvua imekatika na jua ni kali, lima kina cha shubiri moja, maana vikokwa vingi havikai chini ya hapo, uvilete juu, uviache vikauke. Baada ya wiki moja pindua tena. Kikokwa kilichokauka mpaka ndani hakiamki. Lakini mvua moja ikinyesha katikati ya kazi, umepanda upya, kwa hiyo usijaribu mchezo huu mwezi wa Machi. Masika yakiingia funika ardhi: viazi vitamu vilivyobanana, kunde za kutambaa, maboga. Ndago ikikosa jua hudhoofika vibaya. Usitegemee nailoni nyeusi kwa kazi hii. Ncha ya ndago ni kali, hutoboa nailoni na kutokea upande wa pili kama sindano. Makumbi ya nazi yaliyopangwa tabaka nene, yale tunayoyachoma bure, hufanya vizuri zaidi kuzunguka miti.

Na angalia miche ya kununua. Ndago nyingi niliyoiona kwenye mashamba mapya ilikuja ndani ya udongo wa mifuko ya miche, miembe na mipapai. Vunja mfuko mmoja kabla ya kulipa.

"Mahindi yananyauka na ardhi ina maji"

Mahindi yamedumaa, majani yana manjano na yamejikunja kama ya kiangazi, nawe jana mvua imenyesha. Kabla hujasema mbolea, piga magoti utazame shinani. Ukiona kimmea chembamba chenye vijiua vyekundu, hicho ni kiduha, ambacho wengine hukiita striga. Ndugu yake wa magharibi mwa Kenya ana maua ya zambarau na ni mkubwa zaidi, huyu wetu wa Pwani ni mfupi na mwekundu.

Usipoona kitu, ng'oa hindi moja taratibu, uoshe mizizi. Kiduha huishi chini ya ardhi wiki kadhaa, kimejiunga na mzizi wa hindi kinanyonya, na kinapochomoza juu madhara yamekwisha kufanyika. Ndiyo maana watu husema ni uchawi. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi la ugoro, mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu, na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikingoja harufu ya mzizi wa hindi au mtama.

Basi kubadilisha mahindi kwa mtama si kubadilisha mazao; kwa kiduha hicho ni chakula kilekile. Badilisha kwa kunde, karanga, simsim au pamba. Baadhi ya mimea hii huiamsha mbegu ya kiduha kisha haina cha kuinyonyesha, ikafa. Tia samadi iliyoiva, kwani kiduha hustawi kwenye udongo uliochoka. Pia kuna kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, njia iliyofanyiwa kazi na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, huko magharibi: mizizi yake hukizuia kiduha, na majani ni lishe ya ng'ombe. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kipo Mtwapa, si mbali. Nenda ukaulize kabla ya kununua mbegu ya bei.

Kilichochomoza king'oe kabla ya ua, kitie guniani, kichome. Usilishe ng'ombe, usitupe njiani, na mahindi ya shamba hilo usiyafanye mbegu wala kumgawia jirani. Hii ya mwisho ni ngumu, najua, mbegu kwetu ni kitu cha kupeana.

"Nimepuliza dawa, hayakufa"

Nazungumzia glaifoseti, maana ndiyo wengi wanayoinunua. Kwanza, haiui mbegu. Huua jani la kijani lililopigwa, ikashuka hadi mizizini. Yaliyoota wiki mbili baadaye ni mapya, dawa haikukosea.

Lakini kama ni yaleyale uliyoyapiga, uliza maji uliyochanganyia yalitoka wapi. Kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe hutoa maji magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika na sabuni haitoi povu. Chokaa iliyomo huifunga glaifoseti kabla haijalifikia jani. Maji ya bwawa yenye tope hufanya vivyo hivyo. Tumia maji ya mvua yaliyotoka kwenye bati. Kama huna, yeyusha kwanza mbolea ya SA (salfeti ya amonia), gramu 400 kwa pampu ya lita 20, ikishayeyuka kabisa ndipo utie dawa kwa kipimo cha kibandiko. Nimemwona jamaa akipuliza kiambo kizima mara mbili kwa maji ya kisima, akalaani duka, kumbe birika lake la chai lingemwambia.

Baada ya maji, tazama majani. Yalikuwa na vumbi? Yalikuwa yamenyong'onyea kwa ukame? Mmea usiokua hauimezi dawa. Mvua ilinyesha kabla ya muda wa saa sita kupita tangu upulize? Uliyafyeka siku ya pili? Yaache siku kumi. Na kama vyote hivyo havipo, huenda chupa yenyewe ni bandia. Tafuta nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosajili dawa hizi, na chupa iliyofunguliwa usiinunue hata ukipewa nusu bei. Vaa mabuti, glavu na barakoa, upulize asubuhi kabla ya upepo wa bahari kuamka.

Wengine humwaga maji ya bahari au chumvi. Hufa, ndiyo. Na hapo hapataota kitu kingine muda mrefu, tena chumvi itashuka kisimani mwako.

"Kuna nyuzi za manjano zimefunika ua"

Kama tambi zilizomwagwa juu ya mimea. Ikiwa uko karibu na ufuo na nyuzi ni za kijani kibichi na ngumu, huenda ni mlangamia, mwenyeji wetu wa zamani. Zikiwa laini na manjano kabisa, kata tawi lote lililoshikwa, pamoja na shubiri nzima ya tawi zima lisilo na uzi, uchome. Kipande cha uzi kikianguka kwenye mmea mwingine huanza upya, kwa hiyo usikiburute uani kote ukienda kuchoma.

"Nasafisha, lakini kwa jirani ni msitu"

Viwanja vyenye ubao wa "Ardhi hii si ya kuuzwa" na mwenyewe hayupo. Maji ya mvua hushuka kutoka huko, na ukichomeka njiti zako utaziona zimetawanyika kama kipepeo cha kupepea jiko, mpini ukiwa kwenye mpaka. Ipo sheria, Sura ya 325 ya Sheria za Kenya, inayohusu magugu yaliyotangazwa kuwa hatari na wajibu wa mwenye ardhi kuyaondoa, na chifu anaweza kukusaidia kuanzia hapo. Mimi nilianza na mlinzi. Nilimwomba ruhusa, tukachimba mtaro wa kina cha goti kando ya mpaka, upande wa juu, ushike maji pamoja na mbegu. Tope linalokusanyika humo sililirudishi shambani hata liwe jeusi la kuvutia, nalirundika mahali pamoja na kuling'olea vinavyoota. Kisha mita mbili za kwanza ndani ya kiwanja chake nazifyeka mimi, kila majani yanapotaka kutoa maua. Masika huwa mara tatu, vuli mara mbili, na mlinzi hunikorogea chai.